Mapaja Yakichubuka, Usinyamaze

Mdogo wangu, sogea hapa tuzungumze faraghani, maana la leo halisemwi barazani. Najua unatembea ukitanua miguu na kujifanya huna haraka. Najua usiku unalala chali, shuka umelitupa kando, hutaki hata upindo wa leso ukuguse paja. Na mama akikuuliza una nini, unamjibu, "Nimechoka tu." Hukuchoka. Umechubuka, na umeona haya kusema.

Wala si wewe peke yako. Kaskazi ikishashika, kuanzia Disemba hadi Machi, malalamiko haya hunijia kutoka kila upande. Mara ni kijana wa bodaboda wa Vanga anayepeleka abiria na samaki Lunga Lunga, kutwa yuko juu ya kiti cha plastiki kilichoiva kwa jua. Mara ni dada aliyekwenda kutembea Diani na wenzake, akatoka baharini nguo zimemgandama mwilini, akaona ngamia wanaoongozwa ufuoni, akapanda kwa furaha, na jioni ile akashindwa kuketi. Mara ni mama mchuuzi anayepakiwa kila alfajiri na ndoo yake, dera limejikunja chini yake na mshono unamla. Na ndugu zetu wa Lamu nao wana yao, maana vijana wanaoshindana mbio za punda wakati wa Maulidi hupanda mgongo mtupu, bila tandiko. Awe ngamia, farasi, punda au pikipiki, ngozi haiulizi umepanda nini. Inajua jambo moja tu: imesuguliwa ikiwa imelowa.

Hebu nikueleze inavyokuwa, kwa sababu mtu akijua chanzo huacha kujilaumu. Ngozi kavu huteleza juu ya ngozi au nguo. Ikipata jasho hulainika, ikaanza kunata, na kila mtikiso wa safari huivuta huku na huku. Bara, jasho hukauka mara moja. Kwetu Vanga, bahari iko mbele na mikoko imetuzunguka, hewa imejaa unyevu, na jasho halina pa kwenda. Halafu jasho lenyewe lina chumvi. Ukipumzika kivulini likakauka, chembe za chumvi hubaki kwenye ngozi na kwenye kitambaa, nawe ukipanda tena, paja linakunwa kama nazi kwenye mbuzi. Kwanza unahisi joto, kisha muwasho, kisha moto wenyewe, na mwisho ngozi ya juu inatoka na majimaji yanachuruzika. Safari ya saa moja kwenye fukuto inatosha kukufikisha huko.

Usitafute wekundu kama unavyosomeshwa na matangazo. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu, mchubuko mara nyingi huonekana kama sehemu iliyozidi weusi au iliyogeuka zambarau, inayong'aa, yenye joto ukiigusa. Wengi huniambia, "Dada, nilitazama sikuona kitu." Kitu kilikuwapo, ila hukujua sura yake. Basi usingoje kuona. Ukihisi joto na ukakasi, hapo hapo ndipo pa kuanza kujitunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ufa uliomo mwilini mwako mwenyewe.

Kuna wanaosema haya ni ya wanene. Si kweli, na maneno hayo yameumiza wasichana wengi bure. Mapaja mapana hukutana mapema zaidi, naam, lakini mwembamba akikaa juu ya tandiko gumu au kiti kilicholowa, mfupa wake na mshono wa suruali humchubua vile vile. Usiukasirikie mwili wako, wala usiache kula ati mapaja yaachane. Mwili umekubeba tangu utotoni. Ulichokosa ni maarifa ya kuukinga, na hayo ndiyo nakupa sasa.

Anza na nguo ya ndani kabisa. Pamba ni nzuri ukiwa nyumbani umetulia, lakini kwenye safari ya joto hunywa jasho na kukaa nalo, ikawa kitambaa chenye maji kinachosugua. Kwa kupanda, vaa taiti fupi inayokaribia goti, kitambaa laini cha michezo kinachokauka haraka, kisichobana wala kutepeta. Dada anaweza kuivaa chini ya dera au buibui na asionekane, heshima yake imekaa na ngozi yake imepona. Kijana wa pikipiki aivae chini ya suruali. Jinzi ngumu yenye mshono mnene katikati ya miguu iache. Pitisha kidole ndani ya nguo kabla hujainunua, na ukihisi kingo, jua paja lako litazihisi mara elfu. Na wewe wa dera, likusanye vizuri na ulikalie, lisijikunje likakuchubua wala pindo lake lisifike kwenye gurudumu. Hilo la gurudumu lina hatari kuliko mchubuko, na nitalirudia kila nitakapopata nafasi.

Pili, paka mafuta kabla ya safari. Wengi hukumbuka mafuta baada ya kuumia, na hapo yamechelewa. Koga, jikaushe kabisa hadi kwenye mikunjo ya kinena, kisha paka mafuta mazito ya mgando, Vaseline au yoyote ya aina hiyo yasiyo na manukato, ndani ya mapaja na pale nguo inapogusa. Mafuta ya nazi ya nyumbani nayo husaidia kuteleza, ila ni mepesi na jasho huyaondoa upesi, kwa hiyo yanataka kurudiwa. Poda ina kazi yake kwa mtu asiyetoka jasho jingi. Ikilowa hufanya madonge, na madonge hukwaruza, basi usiimwage juu ya mafuta, wala dada usiipeleke sehemu za siri.

Tatu, chagua saa. Kama kazi inakuruhusu, safari ndefu ifanye kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Najua wa bodaboda utaniambia abiria hawachagui saa. Kweli, lakini hata wewe una nafasi ya kushuka. Kila unapongoja abiria usibaki umekalia kiti cha moto. Simama, pita kivulini, acha upepo upite. Tandika kitambaa safi na kikavu juu ya plastiki na ukibadilishe kikilowa. Kunywa maji. Na ukienda kutia udhu, tumia nafasi hiyo hiyo kufuta jasho mapajani kwa kitambaa chenye maji safi, ujikaushe, na upake tena kidogo. Dini yetu imeshakupa vituo ndani ya siku. Vitumie pia kwa afya yako.

Kwa anayepanda ngamia au farasi mara moja moja, nina neno. Usipande na nguo ya kuogelea iliyolowa. Maji ya chumvi na mchanga mwembamba wa Diani vikikaa kati ya paja na tandiko, dakika chache zinatosha kukuharibia wiki nzima. Suuza mwili kwa maji baridi ya mfereji, jikaushe, vaa suruali ndefu nyororo, ndipo upande. Ukiwa juu, usimbane mnyama kwa mapaja kwa hofu. Mgeni hukaza miguu, na akikaza ndipo anaposuguliwa. Keti kwa makalio, legeza nyonga, fuata mwendo wa mnyama, na kama kuna vikuku vya kukanyagia, acha uzito ushuke mpaka kwenye nyayo. Wanaoanza kupanda farasi huambiwa hivyo kila mahali duniani.

Na wewe unayeongoza ngamia, mtazame na yeye. Jasho na mchanga vilivyokuchubua wewe vipo chini ya tandiko lake, na yeye hana pa kulalamikia. Inua mkeka na matandiko kila siku, kung'uta mchanga, papasa mgongo. Ukikuta manyoya yametoka au pana donda, leo habebi mtu. Anayekulisha mfanyie ihsani.

Kuna jambo dogo watu hulisahau. Wengi hunyoa kinena Alhamisi usiku au Ijumaa asubuhi. Ni usafi na ni sunna, sikukatazi. Ila ngozi iliyotoka kunyolewa ina mikwaruzo midogo isiyoonekana, na jasho likiingia humo linachoma na kuleta vipele. Tumia wembe mpya, usiazime wala kuazimisha, na siku hiyo usijipangie safari ndefu ya kupanda. Upe mwili usiku mmoja upate kutulia.

Haya, tuseme umeshachubuka. Umenisikia nikikukanya, lakini la kuumia limeshatokea, na sasa si wakati wa kugombezana. Kwanza shuka. Ukiweza kukaa siku mbili tatu bila kupanda, ngozi itajifunga yenyewe. Najua siku bila pikipiki ni siku bila riziki, lakini ukilazimisha siku hizi mbili, mwili utakuja kukuomba wiki mbili. Osha kwa maji safi ya baridi au ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, bila dodoki wala kusugua. Kausha kwa kugusagusa na taulo safi. Weka kitambaa safi chenye maji baridi kwa dakika kumi hadi kumi na tano kikutulize. Kisha paka mafuta ya mgando au malhamu ya zinki, tabaka jembamba. Ukiwa nyumbani vaa kikoi au leso iliyolegea na uache hewa ipite. Maumivu yakizidi, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa itasaidia. Kama ni lengelenge, usilitumbue. Kama ngozi imefunguka, funika kwa bandeji isiyogandama pale utakapovaa nguo, na uibadilishe kila siku.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapoona machozi mengi. Usipake spiriti. Usimimine dawa ya kuua vijidudu bila kuipunguza makali kwa maji kama chupa inavyoelekeza. Usikamulie ndimu. Usipake dawa ya meno, wala majivu, wala chumvi ya jikoni. Usifungue kidonge cha rangi mbili ukanyunyiza unga wake juu ya kidonda. Dawa ya kumeza ni ya kumeza, tena kwa amri ya daktari, na ule unga hukauka ukafanya gamba huku uchafu ukibaki chini. Liwa na manukato ni ya ngozi nzima, si ya ngozi iliyofunguka. Na wazee wanaokwambia kajitumbukize baharini kwa kuwa maji ya chumvi ni dawa, waitikie kwa adabu, kisha ubaki nyumbani. Maji ya bahari yana mchanga na vijidudu vyake, na kidonda kibichi hakitaki vyote viwili. Mambo haya huchoma, na watu hudhani kinachochoma ndicho kinachoponya. Sivyo, mdogo wangu. Kinachochoma ngozi iliyokwisha kuungua kinaongeza kuungua.

Kisha kuna mchubuko unaogeuka kuwa kitu kingine. Ngozi iliyolowa na kuvunjika ni makao mazuri ya fangasi. Utajua kwa muwasho unaozidi maumivu, hasa usiku, na kwa alama inayotanuka mfano wa duara, ukingo umeinuka na una magamba, katikati panaonekana pamepoa. Hiyo mafuta ya mgando hayaiwezi. Inataka dawa ya fangasi kama krimu ya klotrimazoli, inayopakwa mara mbili kwa siku, ikavuka kidogo ukingo wa alama, kwa kawaida wiki mbili hadi nne. Utaona nafuu mapema na utataka kuacha. Usiache, mwenye kovu usidhani kapoa. Tazama na nyayo zako: ukiwa na fangasi kati ya vidole vya miguu, tibu sehemu zote mbili kwa pamoja, na vaa soksi kabla ya chupi ili usiwapandishe fangasi juu. Wavuvi na wenye kuvaa buti za mpira kutwa, hili ni lenu. Taulo usishirikiane na mtu, na nguo za ndani zisuuze mara mbili sabuni ya unga itoke, uanike juani zikauke kabisa, hasa masika.

Na ukifika duka la dawa, usikubali kila krimu unayopewa kwa sifa ya kwamba inaponya kila kitu. Zipo krimu za mchanganyiko zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na betamethasoni ndani ya bomba moja. Hii betamethasoni hutuliza muwasho siku ile ile, ndiyo sababu watu wanaisifu. Lakini inapunguza kinga ya ngozi, fangasi wanatambaa chini kwa chini wakibadili sura hata daktari akatatizika kuwatambua, na kinenani ambako ngozi ni nyembamba, huacha michirizi isiyofutika. Uliza, "Hii ina steroidi?" Huna haja ya kuona haya. Fedha ni zako na ngozi ni yako.

Nina la wenye nyumba pia. Mume anarudi na upele kinenani, mke anauona, na kabla ya chai kuchemka ndoa imeshawekwa mezani. Au binti anaonekana akitembea vibaya, majirani wanamtungia hadithi. Jamani, tumwogope Mungu. Upele wa mapajani kwa mtu anayekaa juu ya kiti cha moto kutwa nzima si ushahidi wa zinaa. Muulize kwa upole, mtazame pamoja, mtafute dawa pamoja. Ikiwa kuna vidonda au malengelenge kwenye sehemu za siri zenyewe, au uchafu unatoka, nendeni mkapimwe nyote wawili, bila mahakama ya chumbani. Kipimo kinasema kweli bila kumvunjia mtu heshima.

Na wewe binti, mapaja yakishapona yatabaki na weusi kwa muda. Hiyo ni kawaida ya ngozi yetu ikisuguliwa, na hufifia polepole msuguano ukikoma. Usikimbilie mkorogo wa kujichubua. Umetoka kuponya mchubuko wa safari, huwezi kujitia mwingine kwa pesa zako. Atakayekupenda hatapima rangi ya mapaja yako, na akiyapima, huyo si wako.

Sasa niambie lini utakwenda hospitali, ili nisikie kutoka kinywani mwako. Utakwenda pale mchubuko unapoenea na kuvimba, pakiwa na joto na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Utakwenda ukiona usaha au kunuka, ukipata homa, au ukiota mtoki kinenani. Utakwenda ikiwa wiki imepita na umejitunza lakini hakuna nafuu. Na ikiwa fangasi wanarudi na kurudi, pamoja na kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara, omba upimwe sukari, maana kisukari wakati mwingine hujitambulisha kwa mlango huu huu wa ngozi. Mwenye kisukari tayari asingoje hata hiyo wiki. Mchubuko wowote aupeleke mapema. Wa Vanga, anza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikihitajika zaidi watakuelekeza Lunga Lunga au Msambweni. Daktari na muuguzi wameona mapaja mengi kabla ya yako. Hawatacheka.

Wazee walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Sisemi mchubuko wa paja utakuua, usije ukakosa usingizi kwa maneno yangu. Nasema kwamba karibu kila kidonda kibaya cha aina hii kinachofika hospitali kilianza kidogo, kwa mtu aliyekuwa na ndugu, mama, mke au rafiki ambaye angeweza kumwambia, na hakumwambia. Maji safi, kitambaa kikavu, mafuta kidogo na mapumziko ya siku mbili vingetosha. Kilichomzidi ni haya.

Haya tunayoihimiza ni ya kumstahi mtu na kujistahi mwenyewe. Ya kuuacha mwili wako uoze kimya kimya haina thawabu. Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, jitazame kwa kioo na taa nzuri. Kama pako sawa, kanunue mafuta na taiti kabla ya safari ya kesho. Kama pameanza, fanya niliyokwambia na umpigie bosi wa pikipiki umwambie unapumzika. Kama pameharibika, mwamshe mtu unayemwamini, umwambie jambo kwa jina lake: nimechubuka, naumwa, nipeleke. Nimekusema sana leo kwa sababu nakupenda. Nenda ukakoge, ukauke vizuri, na kesho uniambie unaendeleaje.